Usiwatie Macho

Akili ya kawaida inasaidia sana barabarani na sokoni, lakini ukikaa kupaka rangi visanamu vya askari wenye kimo cha milimita 28, iache mlangoni pamoja na viatu. Katika kazi hii, kila kinachoonekana cha busara kitakuumbua.

Chukua brashi. Kisanamu chenyewe ni kifupi kuliko kidole chako cha mwisho, na juu yake kuna mkanda, kuna kifungo, kuna kamba za kiatu. Mtu yeyote timamu atakwenda kutafuta brashi ndogo kuliko zote duniani. Mimi nilizipata Kariakoo, kwenye duka la vifaa vya saluni, maana hakuna brashi nyembamba kuliko zile za kuchorea maua kwenye kucha. Muuzaji akauliza kama ni za shemeji au za biashara. Nikamwambia ni za Warumi. Akanipunguzia bei bila kuombwa.

Brashi yenye nywele za kuhesabika hubeba rangi kidogo mno, na kwa joto la Dar es Salaam rangi hiyo hukauka ikiwa bado njiani. Unafika kwa Mrumi na ncha ngumu, unamkwaruza, unarudi koponi, unamkwaruza tena. Waliobobea hutumia namba 1 au namba 2: brashi nene kiasi, yenye tumbo la kuhifadhi rangi na ncha iliyochongoka. Ncha ndiyo inayochora, tumbo ni ghala tu. Zinazosifiwa zaidi hutengenezwa kwa manyoya ya mkia wa kolinsky, mnyama wa Siberia wa jamii ya kicheche, na ukisikia bei yake utadhani umeuziwa mnyama mzima akiwa hai. Anayeanza zinamtosha za nailoni. Ncha zake hupinda mapema, ni kweli, lakini hazimlizi mtu.

Warumi wenyewe waliletwa na binamu yangu anayeishi Nottingham. Wengi wanaujua mji huo kwa habari za Robin Hood. Wenye ugonjwa wa visanamu wanaujua kwa sababu ndiko yaliko makao makuu ya Games Workshop, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1975 na iliyoleta mchezo wa Warhammer mwaka 1983. Binamu aliporudi likizo, ndugu wengine walipata viatu na simu. Mimi nikapewa boksi la askari wa plastiki, bado wameshikana kwenye fremu zao, vichwa huku, mikono kule. Mke wangu alilisoma boksi kwa makini.

"Baba Salma, hivi ni vya Salma?"

Nikajitetea kwa H. G. Wells, mwandishi mkubwa kabisa wa Uingereza, ambaye mwaka 1913, akiwa mtu mzima mwenye jina lake, alitoa kitabu kizima cha kanuni za kupiganisha askari wa kuchezea sakafuni. Mke wangu akataka kujua kama huyo Wells ada za shule alikuwa ameshamaliza kulipa.

Ukishawakata kutoka kwenye fremu na kukwangua kwa kisu ule mstari wa kalibu unaowapita ubavuni, unafika kwenye gundi. Ziko mbili. Ile ya plastiki kwa kweli haigandishi kitu. Inayeyusha kingo mbili zikaingiliana, na zikikauka zinakuwa kipande kimoja. Tone likizidi, inayeyusha na pua. Ya pili ni supaglu, ile ya kwenye tyubu ndogo inayouzwa na wamachinga kwenye foleni. Hiyo hukazwa na unyevu, ndiyo maana inaipenda ngozi ya binadamu kuliko kitu kingine chochote, na katika mji wa pwani haikupi hata nafasi ya kujuta. Niliyokuwa nayo ni hiyo ya pili.

Jioni ya kikao cha harusi ya shemeji yangu nilikuwa namshikisha Mrumi ngao. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, ameshavaa, na mkoba begani, kwa hiyo sikuweza kumweleza kwamba aliyeshika ngao sasa ni mimi. Nilitia mkono mfukoni, Mrumi akiwa kwenye kidole gumba, tukaondoka.

Kikao kilikwenda vizuri mpaka kwenye ahadi. Mwenyekiti alisema kila kitu kimepata mtu isipokuwa keki, akatazama safu yetu. Wajumbe wakainamia simu zao. Nikajisogeza kitini ili nami niiname, na Mrumi, ambaye mkuki wake ulikuwa umekauka vizuri sana, akanidunga pajani. Nikauchomoa mkono mfukoni na kuurusha juu. Ukumbi ukapiga makofi, katibu akaandika, mama mmoja akapiga kigelegele. Nyuma yangu mtu aliuliza kile kidoleni ni nini, akajibiwa kuwa huenda ni alama ya chama.

Aliyenisaidia ni matroni mtarajiwa. Katika mkoba wake mlikuwa na chupa ya maji ya kutolea rangi ya kucha, na ndani ya maji hayo huwa mna asetoni, ambayo inaishinda supaglu. Baada ya kuloweka kwa muda kidole kikawa huru. Tatizo ni kwamba asetoni inaishinda pia plastiki ya visanamu. Mrumi alilainika mbele ya wajumbe: kofia ilimshuka, mashavu yakavimba, mdomo ukahamia upande mmoja. Nilimfunga kwenye leso nikarudi naye nyumbani. Ukihesabu na keki, alikuwa ameshakuwa askari ghali kuliko wote waliowahi kutumikia Roma.

Rangi ya akriliki haishiki vizuri kwenye plastiki tupu. Ukimgusa askari, inabaki kwenye kidole. Kwa hiyo kwanza huoshwa kwa sabuni kutoa mafuta ya kiwandani, kisha hupuliziwa praima ya kopo. Busara inasema sogea karibu ili usikose shabaha. Ukisogea, unamfurikia na sura yote inazama. Busara inasema basi kaa mbali. Ukikaa mbali, rangi inakauka hewani na kumfikia ikiwa vumbi. Umbali unaofaa ni kama sentimita 20 hadi 30, kwa mipulizo mifupi inayopita bila kusimama, na siyo siku za masika, maana unyevu huiharibu praima ikaganda na ukungu. Yote haya niliyazingatia nilipokwenda uani asubuhi moja kavu. Ambacho hakuna aliyekuwa amenionya ni upepo na kuku. Jirani yangu alishinda akimtafuta kuku wake mweupe, na kila alipokutana na yule wa kijivu alimfukuza, akimshangaa mgeni asiye na haya.

Rangi yenyewe usiipake nzito. Najua, nzito inafunika kwa mara moja na unakwenda kulala. Lakini inaziba mikunjo yote ya nguo, na Mrumi anatoka amejifunga blanketi. Izimue kwa maji mpaka iteleze kama maziwa, upake mkono wa kwanza ambao utakukatisha tamaa, usubiri ukauke, ndipo upake wa pili. Feni izimwe, hata kama shati linakushika mgongoni. Feni inakausha rangi kabla hujaamua pa kuiweka. Kinachookoa hapa ni kontena la plastiki lenye sponji mbichi chini na karatasi ya kuokea juu yake. Rangi ukiiweka juu ya karatasi hiyo, unyevu unapenya taratibu na kuifanya isikauke kwa saa nyingi. Kontena nililotumia lilikuwa la Salma la chakula cha shule. Jambo hilo tulilimaliza kifamilia.

Habari za kuchovya brashi kwenye chai kila mpaka rangi anazo, sitazisimulia. Yangu ilikuwa ya tangawizi.

Sehemu inayofurahisha kuliko zote ni ile inayoonekana ya kichaa kabisa. Umemaliza kupaka, Mrumi ana nguo nyekundu safi, halafu unachukua rangi ya kahawia iliyozimuliwa mno, karibu maji matupu, na kummwagia mwili mzima. Hapo moyo unakataa. Lakini rangi ile inateremka yenyewe kwenye mikunjo, kati ya vidole, chini ya kidevu, na ikikauka kila mfereji umepata kivuli ambacho mkono wako usingekiweza. Baada ya hapo unachovya brashi kwenye rangi ya fedha, unaifuta kwenye tishu mpaka uamini hamna kitu, ndipo unapitisha juu ya deraya ya minyororo. Pete zilizoinuka pekee ndizo zinazodaka. Brashi bora kwa kazi hii, nasema hivi kutokana na utafiti uliofanyika mke akiwa kazini, ni ile pana na laini ya kupakia poda usoni. Alikwenda nayo kwenye maulidi akametameta shavu moja, na alivyorudi alisema ameulizwa anatumia poda gani. Sikuchangia mazungumzo hayo.

Yakabaki macho. Jicho la kisanamu cha milimita 28 ni dogo kuliko punje ya chumvi, na inatakiwa uweke weupe, kisha nukta nyeusi, kisha ufanye hivyohivyo upande wa pili na yote mawili yatazame sehemu moja. Wangu mmoja alitoka akitazama Tanga na Mtwara kwa pamoja. Mwingine alionekana kama aliyesomewa bili. Nilikuwa nimejiinamia na wa tatu, pumzi nimeizuia, pale mama mkwe, aliyekuja kwa ajili ya harusi, alipoingia sebuleni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sanamu hizo?"

"Ni vidogo tu, mama."

"Sanamu haina udogo." Akavaa miwani, akainama juu ya sinia. "Hawa wengi hawana macho."

"Bado, mama."

"Basi usiwatie macho, baba. Waache hivyohivyo. Wakiwa hawaoni, mimi nitalala."

Nikatii papo hapo, kwa heshima na kwa furaha isiyopimika. Ukimtazama askari kwa umbali wa mkono, jicho halionekani hata kidogo; kinachoonekana ni kivuli chini ya kofia, na kivuli kimeshawekwa na ile rangi ya kahawia. Anayeanza hana sababu ya kuhangaika na macho. Hakuna aliyewahi kunipa ushauri bora zaidi wa ufundi huu, na umetoka kwa mtu anayetaka vyote vitupwe.

Mama mkwe akaendelea kukagua safu, mmoja mmoja, mpaka akamfikia yule wa kwenye kikao, mwenye mashavu yaliyovimba na mdomo upande. Akamnyanyua, akamgeuza kwenye mwanga, kisha akamwita binti yake kutoka jikoni.

"Njoo umwone baba yako kabla hajanywa chai."