Ombi la Kupigwa Marufuku

Kwa Mheshimiwa Mdhibiti wa Nyimbo,
Kinshasa, Kampala, Dodoma, Nairobi, au popote barua hii itakapokukuta.

Kuh: VIJANA WANNE KUOMBA KUPIGWA MARUFUKU

Mheshimiwa,

Nakuandikia kutoka Rusizi I, mpakani mwa Rwanda na Kongo. Mimi kazi yangu ni kujaza fomu. Kibanda changu kinatazama daraja, na kutwa nzima nawaandikia wanaovuka kwenda Bukavu na wanaorudi: mama wa nyanya, mama wa sambaza, wale dagaa wetu wa ziwani, mwanafunzi, mgonjwa anayemfuata daktari ng'ambo. Nimewaombea watu vibali vya kila namna, hata cha kuvusha jeneza tupu. Leo nimetumwa kuomba kitu ambacho fomu yake sijawahi kuiona.

Walionituma ni mpwa wangu na wenzake watatu. Wawili wanalala Kamembe, upande wa Rwanda, wawili Bukavu, upande wa Kongo, na katikati yao kuna mto na karatasi. Wana bendi. Wanapiga panki. Nilipouliza panki ni kitu gani, mpwa wangu akanijibu: "Mjomba, ni wimbo wa dakika mbili wa mtu aliyekasirika." Nikamwambia kama ni hivyo, mwenye nyumba wangu ni nyota na hajijui.

Mali ya bendi ni hii: magita mawili, besi moja yenye nyuzi tatu, ngoma zilizokusanywa moja moja kama mahari ya maskini, na bafu moja (huku ndivyo tunavyoita spika kubwa) linalokoroma hata likiwa limezimwa. Gita likivuka daraja mimi ndiye ninayeliandikia. Hakuna kisanduku cha gita kwenye karatasi zangu, kwa hiyo huandika "kifaa cha kazi", ingawa kazi yenyewe haijamlipa mtu hadi leo.

Na umeme? Hapa Mheshimiwa utacheka. Chini kidogo ya daraja, kule Mururu, mto huuhuu unazungusha mitambo ya Ruzizi I tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, megawati kama 30 hivi. Mbele yake ipo Ruzizi II, ya mwaka 1989. Mgeni akiangalia nyaya zinavyopita juu ya vichwa vyetu husema watu wa huku wameshiba mwanga. Aende basi Bukavu akaulize maana ya delestaji, yaani mgao wa umeme. Mtoto wa chekechea atamweleza kwa kituo. Ndiyo maana nyimbo za vijana wangu zina sehemu mbili: ya kwanza yenye gita, na ya pili ya ngoma na mdomo, baada ya umeme kukatika. Wasikilizaji wanadhani ni ufundi.

Sasa nije kwenye ombi. Vijana wamefanya utafiti kwenye simu zao, wakagundua kwamba bendi haipandi kwa gita. Inapanda kwa mtu kama wewe. Mwaka 1977 kule Uingereza, BBC iligoma kupiga wimbo wa Sex Pistols uliomkejeli Malkia, na wimbo ukafika nafasi ya pili kitaifa. Mwaka 2018, marehemu Simon Lokodo, Waziri wa Maadili wa Uganda, alitangaza kufuta tamasha la muziki la Nyege Nyege kule Jinja siku chache kabla ya kuanza, kisha akalegea. Katikati ya tangazo na kulegea, watu ambao hawakujua Jinja iko wapi wakaanza kuulizia nauli. Mwaka huohuo BASATA, baraza la sanaa la Tanzania, ikaufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz. Wakauimba tena jukwaani, wakafungiwa wao wenyewe, na Januari 2019 wakafunguliwa. Nani leo asiyeujua "Mwanza"?

Lakini kazi yako tunayoipenda zaidi ni ya Kinshasa. Tarehe 9 Novemba 2021 tume ya udhibiti iliupiga marufuku wimbo "Nini tosali te" wa kundi la MPR. Kesho yake marufuku ikaondolewa. Siku moja, Mheshimiwa! Hakuna kampuni ya matangazo inayoweza kazi hiyo kwa siku moja, tena bure. Vijana wanaomba kifurushi hichohicho.

Kiswahili chenyewe kinakutaka. Gita hupigwa, ngoma hupigwa, kelele hupigwa, muhuri hupigwa, na marufuku nayo hupigwa. Katika bendi hii pengo lililobaki ni la mpigaji wa hiyo ya mwisho.

Tumejaribu kukuvuta kwa juhudi zetu, ikashindikana. Kigali mwaka 2018 yalifungwa makanisa kama 700, kelele ikiwa moja ya sababu. Sisi na bafu letu hatujapata hata onyo la mdomo. Septemba 2023 baa za Rwanda ziliamriwa kufunga saa saba usiku, na saa nane Ijumaa na Jumamosi. Vijana walikusudia kuivunja amri hiyo kishujaa, lakini umeme hukatika saa moja jioni. Ng'ambo nako, tangu waasi wa M23 wauteke mji wa Bukavu Februari 2025, hatujui hata marufuku ya Kinshasa itavukia wapi na itagongwa muhuri wa nani.

Kuhusu marufuku zisizoondolewa, na waimbaji ambao watu huwataja kwa sauti ya chini, nitapita haraka kama mtu aliyesahau karatasi zake nyumbani. Ombi letu ni la ile nyepesi, Mheshimiwa. Usikosee faili.

Utauliza wameimba nini hasa cha kufungiwa. Walitaka kuanza na Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, mtesaji wa Kongo, wakakuta Crystal Axis, wapiga panki wa Nairobi, wameshautoa wimbo wa "Leopold", watu wanaokaa mbali zaidi na Kongo kuliko sisi tunaovuka kwa miguu! Wakasema basi watengeneze kelele ya giza, wakakuta Duma, pia wa Nairobi, albamu yao ilitoka 2020 kwa lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. (Usidhani ni yule mnyama wa mbio, kwa Kikuyu duma ni giza. Kwa upande wa giza, naamini sisi tuna uzoefu zaidi.) Kwa hiyo wamebaki na mambo ya hapahapa: wimbo wa jeto, kile kijikaratasi cha kuvukia mpaka, na mwingine wa jogoo aliyeruka mto bila kuulizwa kitambulisho. Huo wa jogoo ndio nakushauri uanze nao. Una sekunde 95 na unadharau mamlaka tatu.

Nimeambatanisha picha nne za pasipoti. Aliyefumba macho ni mpiga ngoma. Si dharau, ndivyo alivyo.

Wako mtiifu,
Mjaza fomu, Rusizi I.

N.B. Ukipenda kuja kujisikilizia kabla ya kutia saini, mazoezi ni Jumamosi mchana. Njoo na uzi wa besi. Ule mnene.