Sifa za Kuifomati Televisheni

Wamekwisha kusifiwa matabibu, manahodha na wake wema, lakini sijapata kumsikia mtu aliyesimama barazani kulisifu tendo la kuirudisha televisheni janja katika hali yake ya kiwandani, ambalo mafundi wa Kariakoo huliita kufomati, na ambalo wafanyabiashara wetu waliopanga vyumba Xiaobei, katika wilaya ya Yuexiu mjini Guangzhou, hulikimbilia kila chombo kinapoganda, kinapojizima na kujiwasha chenyewe, au kinapokataa kufungua programu iliyofunguka jana bila ya kinyongo. Dhuluma hiyo nakusudia kuiondoa leo.

Fadhila yake ya kwanza ni kwamba haiulizi. Dawa ndogo ndogo zina udadisi usio na adabu: kuchomoa waya ukutani na kungoja kidogo ni kutaka kujua kama kumbukumbu ya muda ndiyo iliyolemewa, na kufuta akiba ya programu moja ni kumnyooshea kidole mshitakiwa mmoja mbele ya wenziwe. Kufomati hakumtuhumu mtu. Huwafuta wote, mwenye kosa na asiye na kosa: nywila ya intaneti iliyoingizwa kwa rimoti herufi baada ya herufi, akaunti zote, na kiwango cha sauti kilichopatikana baada ya mashauriano marefu na wapangaji wa chumba cha pili; kisha chombo huamka kikiwa hakimjui hata mwenyewe.

Hekima yake kuu, walakini, imo katika namna kazi yenyewe inavyotendeka. Hifadhi ya televisheni hizi, ambayo katika zile za bei nafuu mara nyingi ni gigabaiti 8 tu, imegawanywa kama nyumba ya kupangisha: ghorofa ya juu amekaa mwenye nyumba, yaani mfumo ulioandikwa na kiwanda, na ghorofa ya chini wamekaa wapangaji, yaani data zetu sisi. Amri ya kufomati inapotoka, wapangaji hutolewa nje pamoja na vyombo vyao, na mwenye nyumba haguswi hata ukucha. Ikiwa maradhi yameletwa na sasisho ambalo kiwanda chenyewe kimelituma kwa njia ya intaneti, sasisho hilo limekwisha kuandikwa ghorofani, nalo kwa kawaida hubaki pale pale, kwa kuwa kufomati hakurejeshi toleo la zamani. Ni wapi tena utakuta taadhima kwa mkubwa iliyokamilika namna hii, ambapo aliyekosa huachwa na cheo chake, na aliyekosewa huombwa aanze upya kujitambulisha?

Insafu yanilazimu kukiri kwamba mara nyingine dawa hii huponya kweli, hasa pale hifadhi ilipojaa au mipangilio ilipoharibika. Taa za nyuma ya kioo zilizoungua haiziponyi, wala haijapata kudai hivyo. Wanaodai ni watu.

Hapa Guangzhou tendo hili lina ladha ambayo kwetu pwani haijulikani. Televisheni iliyotengenezwa kwa soko la Uchina, ikisharudishwa uchanga wake, husema Kichina, na mgeni aliyekuwa amekwisha kuifundisha adabu za Kiingereza hujikuta akibonyeza vitufe kwa kubahatisha, akitafuta njia katika maandishi ambayo kwake ni nakshi tu. Duka la programu la Google halimo, na YouTube imefungwa nchini humu tangu mwaka 2009, hivyo anayetaka kuitazama mechi ya Simba na Yanga hana budi kurudia upya hila alizokuwa amezitumia mwanzo. Kitu kisichopotea ni matangazo ya biashara ya wakati wa kuwasha, ambayo yalikera umma hata mahakama moja ya Nanjing ikaamuru, mwaka 2020, kampuni moja iweke kitufe cha kuyafunga tangu yanapoanza. Kufomati huyaheshimu matangazo hayo, maana nayo ni jamaa wa ghorofani.

Lakini watu waliofaidi zaidi hisani hii ni wauzaji. Tangu Maonyesho ya Canton yaanze mwaka 1957, mji huu umejifunza kumjibu mnunuzi wa kila lugha, na jibu la kumfomatisha mteja halihitaji mkalimani. Chukua mtu aliyeletewa Dar es Salaam televisheni ya soko la ndani la Uchina, akaunganisha antena, asipate chaneli hata moja. Sababu ni dhahiri: Uchina hurusha matangazo ya antena kwa mfumo wa DTMB, na Tanzania kwa DVB-T2, na kifaa cha kupokea mfumo wa pili hakimo ndani ya chombo, ukifute usikifute. Hata hivyo huambiwa afomati. Akirudi huambiwa hakufomati vizuri, afanye tena, safari hii kwa kushikilia kitufe cha kuwashia. Kinachomfaa ni kisimbuzi cha kuchomeka kwa waya wa HDMI, lakini kisimbuzi kina bei, ilhali kufomati ni bure, tena humwondoa mteja kaunta kwa upole, akiwa na kazi ya kufanya nyumbani hadi dhamana itakapokwisha.