Mshenga Haoi

Miaka saba ya shule ya msingi nilisoma kila kitu kwa Kiswahili. Nikaingia kidato cha kwanza, Tanga, nikakuta kila kitu kimegeuka Kiingereza isipokuwa viboko, ambavyo havikuhitaji lugha. Wiki ya pili nikaamka na homa. Mwalimu wa Kiingereza akaniuliza nina nini. Kichwani nilikuwa na jibu safi kabisa: najisikia vibaya. "Vibaya" nilikuwa nimeikariri jana yake tu, ni "badly". Nikasimama wima, nikatoa sauti: "Sir, I feel badly."

"Basi vidole vyako ni vibovu," akasema. "Unagusa vitu, hujui umegusa nini."

Darasa zima likacheka. Nami nikacheka nao kwa adabu, maana sikuelewa. Nikarudi bwenini na homa yangu na kielezi changu.

Yangeishia hapo kama miaka mingi baadaye nisingepata kazi ya mapokezi katika nyumba ndogo ya wageni, pwani ya mashariki ya Unguja. Sharti la kazi lilikuwa Kiingereza. Kwenye usaili meneja aliniuliza kwa Kiswahili kama nakijua. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba nakijua sana. Nikaajiriwa.

Kisa cha kwanza kilikuwa cha simu. Katika chumba namba 6 alikaa mwalimu mstaafu kutoka Uingereza, bibi mwembamba, mpole, mwenye miwani ya kamba. Maji yalipokatika nikampigia kumwarifu. Akanijibu: "I know that."

Nikashika kalamu. Kwa sisi, mtu akisema "najua kwamba", bado ana mzigo kichwani hajautua. Nikangoja autue. Kimya. Nikaona nimsaidie: "Yes, madam. You know that...?"

"I know that," akarudia, sauti imepanda kidogo.

"Yes, madam. That what?"

Simu ikakatwa. Kwa kuwa mimi ni mtu wa kumbukumbu, nikaandika kwenye daftari la zamu: "Mgeni wa namba 6 anajua kwamba." Asubuhi meneja aliisoma sentensi ile mara tatu, akageuza ukurasa kutafuta mwisho wake, kisha akaniita. "Anajua kwamba nini?" Nikamwambia hilo ndilo nililomwuliza mwenyewe, akakasirika.

Baadaye ndipo nilipogundua kwamba lugha hizi mbili, kwa kazi moja, zimeajiri watu wenye tabia tofauti. "Kwamba" yetu ni kitenzi kilichostaafu. Zamani "amba" ilikuwa kusema, na nduguye "ambia" bado yuko kazini hadi leo. Ndiyo maana ukiitamka, kinywa kimeshafunguka na watu wametega masikio. "That" ya Waingereza ilianza maisha kama kidole. Inaweza kusonta jambo lililokwisha kutajwa, hilo, na mjadala ukafungwa. Inaweza pia kusonta sentensi nzima inayokuja nyuma. Na siku nyingine haiji kazini kabisa. Mwingereza anasema "I know you are tired", na sentensi inasimama vilevile kana kwamba si upungufu.

Kibaya zaidi, hawana "eti". Siku moja nilitumwa nikamdai mgeni wa namba 2. Kwa Kiswahili ningemwendea kwa amani: bosi anasema eti hujalipa. Neno moja tu, na mgeni anajua kuwa mimi simo, nimetumwa. Kwa Kiingereza ikabidi niseme "The manager says that you have not paid", nikajisikia mwenyewe nikimshutumu mgeni mchana kweupe. Alilipa, lakini tangu siku hiyo salamu yangu hakuiitikia.

Hayo yote, hata hivyo, yalikuwa mvua za rasharasha. Masika yalikuja na mafuta ya langilangi.

Yule bibi wa namba 6 alikwenda mjini, akarudi jioni amejipaka mafuta hayo, ukumbi mzima ukabadilika. Kiswahili kimetupa milango miwili: kinachonuka kinapita huku, kinachonukia kinapita kule, havikutani. Kiingereza kina mlango mmoja, "smell", na ni juu yako kumwelekeza mgeni. Mimi kwa moyo mweupe nilitaka kumwambia, "Mama, unanukia sana." Nikatamka: "Madam, you are smelling very much."

Akarudi hatua moja nyuma. Nikaona nimekosea, nikatafuta "vizuri" niiongezee. Vizuri ni "well". "No, madam! You smell well!" Yaani nimemsifu pua, kama mtu anayenunua mbwa wa polisi. Akajinusa kwapa kwa siri ambayo wote tuliiona. Sasa nikataka kuomba radhi. Sisi tunasema, ni kwa bahati mbaya kwamba. Nikaipanga neno kwa neno: "It is unfortunately that..." Ikanifia mdomoni. Nikamalizia kwa sentensi niliyoiamini tangu utotoni: "I feel badly."

Akaniangalia mikono, akapanda chumbani.

Nikakimbilia jikoni. Mpishi wetu, mama mmoja wa Makunduchi, hakujua Kiingereza hata cha kuombea chumvi, lakini ndoa nyingi za kijijini kwao zilipita mikononi mwake. Alikuwa kwenye mbuzi akikuna nazi. Nikamsimulia aibu yangu. Nikamweleza pia walichotufundisha shuleni: kuna vitenzi vishirikishi, kama huyu "is", na wenziwe "feel", "smell" na "seem" wanapofanya kazi hiyo. Wenyewe hawatendi lolote. Wanakaa katikati, wanampeleka huyu kwa yule.

"Huyo mshenga," akasema, hakuinua hata macho.

"Mshenga?"

"Mshenga anakwenda, anarudi, anakula, anakunywa. Lakini haoi. Sasa wewe, mwanangu, sifa za mchumba unampa mshenga, halafu unashangaa posa imerudi?"

Nikakaa juu ya gunia la mchele. Miaka yote ile! "Bad" ni sifa yangu mimi mgonjwa, mshenga anaifikisha tu. "Badly" ni sifa ya mshenga mwenyewe, kwamba kazi yake ya kugusa anaifanya hovyo. Vidole vibovu! Mwalimu wangu alikuwa akifundisha, mimi nikidhani anatania.

"Na akija na watu?" nikamwuliza. "Maana Waingereza husema 'The problem is that', halafu nyuma yake inafuata sentensi nzima."

"Hata ukoo mzima. Mradi wamefika mlangoni pamoja na ana wa kuwatambulisha, wataingia."

Kwa hiyo "that" ndiye anayewatambulisha. Na "unfortunately" je? Huyo, nikafikiri, ni mpiga tarumbeta. Anatangulia mbele ya msafara, anapiga anavyotaka, lakini hapelekwi na mshenga wala hakai kwenye kiti cha bibi harusi. Ukitaka kumweka pale, mvue kwanza "ly" yake, aingie kama "unfortunate". Mama mpishi akanambia nimsogezee sufuria, kama nimemaliza kuozesha.

Siku tatu nilimkwepa yule bibi. Usiku wa kuamkia safari yake nikakaa mapokezi na karatasi. Kwa mazoea nikaanza na "husika na kichwa cha habari hapo juu", nikakumbuka hakuna kichwa cha habari, nikafuta. Saa nane za usiku nilikuwa na sentensi moja: "I feel bad that I said that that day."

Niliikagua kama mtu anayehesabu mahari. "That" ya kwanza ni kwamba. Ya pili ni hilo nililolisema. Ya tatu ni siku ile. Watatu jina moja, na kila mmoja na kazi yake. Na "bad" haikuwa na mkia.

Asubuhi nikamkabidhi pamoja na bili. Akaweka miwani, akasoma. Akarudia. Kisha mkono wake ukaingia kwenye mkoba, ukatoka na kalamu nyekundu, nami magoti yakarudi kidato cha kwanza. Pembeni ya sentensi yangu akaweka alama ndogo ya vema.

"I know that," akasema, akitabasamu.

Nikamfungia bili yake, nikambebea sanduku hadi kwenye teksi. Safari hii sikungoja.