Sifa za Kazi ya Nyumbani

Serikali ya Uturuki ikimpa kijana wa kigeni ufadhili wa masomo, humpa tiketi ya ndege, kitanda bwenini, bima ya afya, posho ya kila mwezi na mwaka mzima wa kujifunza Kituruki kabla hajaigusa shahada yenyewe. Zawadi ya sita haitajwi kwenye barua, nayo ndiyo kubwa kuliko zote: kazi ya nyumbani. Posho hukauka mwezi ukiwa katikati. Bima hufika tarehe yake ikakoma. Kazi ya nyumbani haijawahi kumwishia mtu.

Nawasikia wanaoisema vibaya, kwamba inawaharibia Jumamosi. Laiti wangejua! Jumamosi ya Istanbul isiyo na kazi ya nyumbani ni jambo la kuhurumiwa. Mtu anapanda tramu, anashuka Sultanahmet, anapiga picha kuba, anapiga picha minara, anakula, anarudi kulala. Wiki ikipita hakumbuki ni msikiti upi uliokuwa na minara sita wala ni lipi kanisa la zamani. Hocam, kama wanafunzi wa huko wanavyomwita kila mwalimu, alitukinga na balaa hilo. Ijumaa jioni, tulipokwisha kufunga mikoba, alisimama mlangoni akasema: ukurasa mmoja kuhusu matembezi yenu ya kesho, kwa nyakati zote mbili zilizopita.

Sisi Waswahili tuna -li-, nayo imetutosha. Mturuki ana mbili. Ulichokishuhudia mwenyewe hubeba -di. Ulichosimuliwa, au ulichokikuta kimeshatendeka, hubeba -miş. Mtu atasema tuna "eti". Kweli, lakini eti yetu ni ya hiari: ukitaka unaisema, ukiwa na haraka unaiacha, na uvumi wa kijiweni unapanda cheo ukawa habari. Waturuki eti yao wameipigilia kwenye mkia wa kitenzi, huwezi kutoka nyumbani bila hiyo. Tena haina sura moja. Irabu zikibadilika inakuwa -mış, -miş, -muş au -müş, na mwenzake -di ana sura nane. Nani mwingine angekupa sura kumi na mbili, bure, Ijumaa jioni?

Basi Jumamosi tukaenda Ayasofya watatu: mimi, dada mmoja wa Mombasa tuliyesoma naye, na kazi ya nyumbani. Mgeni hulipa yuro 25 kupanda roshani ya juu. Sisi wawili tulilipa. Mwenzetu alipita bila kuulizwa.

Kule juu tukaanza kugawana historia. Kuba tuliliona kwa macho yetu, hilo ni -di bila ubishi. Kwamba Kaizari Justinian alilimaliza jengo mwaka 537, hatukuwepo: -miş. Kwamba kuba la kwanza liliporomoka mwaka 558 kwa ajili ya tetemeko la ardhi, kwamba Mehmet wa Pili alipouteka mji mwaka 1453 aligeuza kanisa kuwa msikiti, kwamba miaka ya 1930 msikiti ukawa makumbusho: -miş, -miş, -miş. (Vitabu vya historia vina ruhusa zao. Mwanafunzi wa mwaka wa lugha hana.) Tulipofika mwaka 2020, makumbusho yaliporudishwa kuwa msikiti, dada akasema hilo yeye aliliona kwenye televisheni, kwa hiyo ni -di. Tukabishana mbele ya mosaiki ya Yesu na Bikira Maria kama televisheni ni macho au ni masikio, mpaka mlinzi akatuomba tusogee, watu wengine nao wapige picha.

"Ndugu yangu," dada aliniambia, "wewe umekuja kutembea au kutoa ushahidi mahakamani?"

Lakini nani alimwona Halfdan? Kwenye kizuizi cha marumaru cha roshani ile kuna mikwaruzo ya maandishi ya kale ya Skandinavia, nayo imefifia kiasi kwamba kinachosomeka vizuri ni hilo jina tu. Watalii huegemea hapo wakitazama chini, viwiko vyao juu ya Halfdan. Mwenye kazi ya nyumbani hukagua hata vizuizi, maana ana njaa ya chochote cha kutia -di. Na ukifikiri vizuri, katika wote waliosifiwa humo ndani kwa dhahabu na rangi, huyu ndiye aliyeandika jambo analolijua kwa hakika: kwamba alifika. Alama hakupewa.

Chini ya ardhi, kwenye hodhi la Yerebatan lenye nguzo 336, wema wa kazi ya nyumbani ulizidi kudhihirika. Nguzo mbili zimesimama juu ya vichwa vya Medusa, kimoja kimelazwa ubavu, kingine kimepinduliwa juu chini. Kiongozi mmoja wa watalii alikuwa akieleza kwamba walikipindua ili kuua nguvu ya macho yake. Wa pili, hatua chache kutoka hapo, alieleza kwamba mafundi walihitaji tu jiwe la kimo kile. Wageni wao walitazamana kwa wasiwasi. Sisi tuliandika yote mawili kwa -miş, tukaendelea na safari roho zimetulia.

Sokoni nako kazi ya nyumbani inaokoa fedha. Muuza mazulia wa Kapalıçarşı asiyesikia "sina pesa" wala "nitarudi" alisikia "nina kazi ya nyumbani", akaweka mkono kifuani na kuniachia njia.

Ila karama yake kubwa niliiona kwenye vapur, feri ya Eminönü kwenda Kadıköy, inayokutoa Ulaya na kukufikisha Asia kwa muda wa glasi mbili za chai. Watalii walikuwa nje wakiwarushia shakwe vipande vya mkate wa simit. Mimi nilikuwa ndani na daftari. Bibi mmoja aliyeketi mkabala alilitazama kwa muda, kisha akanyoosha mkono. "Lete, mwanangu." Alibadilisha irabu mahali pawili, akaniagizia chai, akauliza kama hocam angependa kusikia habari zake yeye.

Alizaliwa Rize, kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, kule milimani chai ile ile inakolimwa. Aliletwa Istanbul kwa meli akiwa wa kubebwa. Alilia njia nzima, abiria walilalamika, baharia mmoja akampa mama yake sukari ya kumnyamazisha. Yote hayo aliyasema kwa -miş. Safari yake mwenyewe, na hakuwa na haki ya kutumia -di hata mara moja! Mzee mwenye gazeti akaingilia: mtu aliyezaliwa alikuwepo, kwa hiyo aseme doğdum, nilizaliwa, kama wanavyosema watu wote. Bibi akajibu kuwa kuwepo alikuwepo, lakini hakuona kitu. Benchi likagawanyika. Mwanamke mwenye mifuko ya mboga alikuwa upande wa bibi. Kijana mmoja alitoa vipokea sauti masikioni ili apige kura. Tulipotia gati Kadıköy, bibi alichukua kalamu yangu akaiandika sentensi mwenyewe, asije mtu akampotoshea: doğmuşum.

Jumatatu hocam alirudisha madaftari. Ukurasa wangu ulikuwa mwekundu toka juu hadi chini, isipokuwa mstari mmoja wenye mwandiko wa mtu mwingine, ambao aliutia alama ya vema na kuandika pembeni: "Huyu asajiliwe." Kisha akasimama mlangoni tena. Ukurasa mmoja, alisema, kuhusu mtakachokiona Jumamosi ijayo, kwa wakati ujao.