Kanga Mbele ya Watawa

Watawa wa Meteora, kule Ugiriki, walipotafuta mahali pa kuwakimbia binadamu wenzao hawakufanya mzaha. Tangu karne ya 14 walijenga monasteri zao juu ya miamba iliyosimama wima kama magunzi ya mahindi. Leo sita tu bado zina watawa. Ngazi za kuchonga zilikuja miaka ya 1920. Zamani mgeni alitiwa kwenye wavu akavutwa kwa kamba kama tenga la dagaa. Husimuliwa kwamba mmoja aliuliza kamba hubadilishwa lini, akajibiwa: Mungu akipenda ikatike.

Mimi na shoga yangu tulianza na Megalo Meteoro, iliyo kubwa kuliko zote. Kwanza unashuka, na unashuka kwelikweli, ndipo unapoanza kuzipanda ngazi karibu 300. Nilipofika ya mia nikamwonea wivu yule wa wavu.

Mlangoni suruali yangu ikakataliwa. Mwanamke haingii bila sketi, na kwa tuliosahau zipo za lastiki za kuazima. Lastiki yenyewe ilishonewa mtu asiyejua chapati. Ilifika mapajani ikagoma. Shoga yangu akachomoa kanga mkobani, maana yeye husafiri na kanga kama wengine wanavyosafiri na dawa ya kichwa. Nikajifunga upesi. Nani husoma jina la kanga huku anahema?

Mkata tiketi, kijana mpole, akanyooshea kidole maandishi yaliyolala sawasawa makalioni, akauliza yanasema nini. Kwa Kiingereza changu cha uwanja wa ndege nikamjibu kuwa ni sala ya bibi zetu. Akafanya ishara ya msalaba.

Nyuma yangu kwenye foleni kulikuwa na mzee wa Kigiriki mwenye mkongojo. Nikamsikia anasoma taratibu, kama mtoto wa darasa la kwanza: "Mtasema... mchana... usiku... mtalala." Kisha, kwa Kiswahili kilichokaa kabatini miaka mingi: "Mama, kwani nani anakusema?"

Kumbe babu kazaliwa Tanga, kwenye shamba la mkonge la baba yake. Kwamba Wagiriki walilima mkonge Tanganyika nilifundishwa shuleni; kwamba somo lile lingenikamata kwa nyuma, juu ya mwamba Ulaya, mwalimu hakuligusia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Tanga hawajambo?"

"Hawajambo. Babu, nakuomba, usimwambie huyu kijana."

Akacheka mpaka mkongojo ukamponyoka. Nikauokota, nikamkabidhi kwa mikono miwili na macho ya kusihi. Akanishukuru, akamgeukia kijana, akamtafsiria neno kwa neno.

Michoro ya watakatifu ukutani niliitazama yote kwa heshima, mkoba wa shoga yangu ukiwa umening'inia makalioni.