Namna ya Kumlilia Papa Bila Kuonekana Unamsubiri Mwingine

Kwanza, huzunika. Papa Fransisko alifariki dunia asubuhi ya Jumatatu ya Pasaka, tarehe 21 Aprili 2025, na siku ileile watu wakamiminika Uwanja wa Mtakatifu Petro. Msiba ujao nawe utakuwepo. Sauti iwe ya chini, rozari ionekane. Swali la nani atamrithi usilitamke kabisa. Jirani yako akilitamka, mtazame kwa masikitiko, kisha muulize amesikia nini.

Pili, panga foleni. Watu wapatao 250,000 walipita mbele ya jeneza lake kwa siku tatu, wengine usiku wa manane. Utasimama kwa saa kadhaa ukiwaza kuhusu kifo, na zaidi kuhusu choo. Ukifika mbele una sekunde chache tu: piga ishara ya msalaba, inamisha kichwa, songa. Simu ibaki mfukoni. Wako waliojipiga selfi na marehemu hadi wakakatazwa. Wewe huwezi kufanya aibu ya namna hiyo. Hebu tazama mkono wako wa kulia umeshika nini.

Mazishi yasikupotezee muda. Marehemu aliomba kaburi la kawaida katika Basilika la Santa Maria Maggiore, lenye neno moja tu, Franciscus. Marais wakaja na misafara yao kuuenzi unyenyekevu huo. Tafuta kivuli mapema, maana hutapata.

Sasa makini, hapa ndipo wageni huanguka. Kuanzia mazishi kuna matanga ya siku tisa, misa kila siku, na katikati yake makardinali hukutana kujadili hali ya Kanisa. Kampeni ni marufuku. Katiba ya uchaguzi wa papa aliyoitoa Papa Yohane Paulo II mwaka 1996 inakataza mapatano na ahadi za kura, na anayethubutu anatengwa na Kanisa. Kubadilishana mawazo, hata hivyo, kunaruhusiwa. Kwa hiyo hakuna kampeni. Kuna chakula cha jioni. Ukimwona kardinali mmoja akimwalika mwenzake tambi karibu na Vatikani, jua wanabadilishana mawazo. Wakiwa sita, wanabadilishana mawazo mengi. Ni kama wajomba walio chini ya turubai la msiba, wanaopimana kwa macho nani apewe shamba huku wakiitikia nyimbo za kwaya. Anayeutaka upapa haruhusiwi kuonyesha. Asiyeutaka naye asiseme sana, maana atashukiwa. Waroma wana usemi kwamba aingiaye kwenye uchaguzi akiwa papa hutoka akiwa kardinali. Ukiwa na kardinali wako, basi, msifu mwingine.

Usibeti. Papa Gregori XIV alipiga marufuku kubeti juu ya uchaguzi wa papa mwaka 1591, adhabu ikiwa kutengwa na Kanisa. Katazo hilo lilishakufa kisheria, na mwaka 2025 mikeka ilijaa. Utaliwa, na huna wa kumlalamikia.

Jumapili, sikiliza misa kwa jicho kavu. Kiti kikiwa wazi, jina la Papa halitajwi katika Sala ya Ekaristi. Padre aliyelitaja kwa miaka kumi na miwili atafika pale pale, na mdomo utakuwa umeshamtangulia. Usicheke. Utacheka.

Milango ya Kikanisa cha Sistina ikifungwa, kama ilivyofungwa tarehe 7 Mei kwa makardinali 133, acha kutafuta habari. Usimpigie Kardinali Rugambwa wa Tabora. Simu zimeachwa nje. Humo ndani kila mmoja anatakiwa aandike jina kwa mwandiko usiotambulika, watu wazima, wengine maprofesa, wakikosesha herufi kwa makusudi chini ya mchoro wa Hukumu ya Mwisho wa Michelangelo. Kura ikishasomwa hutobolewa kwa sindano na kutungwa kwenye uzi, kisha zote zinachomwa. Theluthi mbili zinahitajika, yaani 89. Nje huko usijifanye unajua hesabu zimefika wapi, hata kama kila mtu anajifanya.

Kodolea macho bomba la moshi. Mweusi, bado; mweupe, tayari. Weupe wenyewe hupatikana kwa kuchoma kemikali pamoja na sukari ya maziwa na utomvu wa msonobari, maana Roho Mtakatifu anaaminiwa, ila moshi una historia mbaya: mwaka 1958 uliwachanganya watu, na tangu 2005 kengele nazo hupigwa kuthibitisha. Ukichoka, tazama shakwe. Mwaka 2025 walitua na kinda lao pale juu ya paa, na maelfu ya watu wakawafuatilia kwa uchaji. Usiondoke hata dakika moja. Moshi mweupe ulitoka jioni ya tarehe 8 Mei, baada tu ya saa kumi na mbili. Wako utatoka ukiwa chooni.

Jina likitangazwa kwa Kilatini, shangilia kwanza, uliza baadaye. Ndivyo walivyofanya wengi walipotajiwa Robert Prevost, Mmarekani wa Chicago aliyekuwa askofu Peru, sasa Leo XIV. Kisha tafuta picha ya zamani. Akiwa mkuu wa Waagustino duniani aliwahi kufika Tanzania, kwa hiyo picha zipo. Itume kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, andika kwamba wewe ulimtabiri tangu mwanzo. Kuna mama mmoja atakayejibu, kwa upole, kwamba juzi uliapa ni Kardinali Parolin.