Siri ya Gatina, Tafadhali Usimwambie Mtu

Tuwape heko vijana wa video wanaotufichulia "maeneo ya siri" ya Nairobi. Bila wao tungejuaje kwamba Gatina kuna kibanda cha chapati na madondo? Watu wa mjengo na makanga wa matatu za 46 waliojaa pale kila mchana walikuwa wakila tu, hawakugundua chochote.

Ugunduzi una adabu zake. Mwaka 1848 mmisionari Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro, naye msomi mmoja wa London akaipinga habari hiyo kwa miaka. Kosa la Rebmann lilikuwa moja: hakuweka pini. Mwaka 1858 mpelelezi Speke alilipata ziwa ambalo wavuvi, wakiwa mitumbwini, hawakuwa wameliona, akalipa jina la malkia wake. Kijana wetu wa video amewapita wote. Ana ramani, ana muziki, na ana ombi la unyenyekevu kwa maelfu ya wafuasi wake: jamani, hii ibaki kati yetu.

Na imebaki kati yao. Magari kutoka Lavington, hapo jirani tu, yameziba njia. Mwenye ploti amepandisha kodi, mama wa kibanda amepandisha chapati (kwa huzuni, lakini amepandisha), na mtu wa mjengo anakula mkate na soda kando kidogo, asiharibu picha.

Kijana mwenyewe haji tena. Anasema Gatina imejaa watu wasiojua kutunza siri. Amepata kibanda kingine, Kibera. Hakijulikani na mtu yeyote. Video ni Ijumaa.